Vikombe Vyenye Kope

Tarehe 9 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti yamegombana na ngazi za kazini. Mama anaendeleaje?

Kifurushi kimefika. Kile kipande cha gogo la nyuma ya nyumba ulikifunga kwa plastiki kama chakula cha safari, kwa hiyo vile vitu vya umbo la kikombe ulivyoniuliza, vingine vimeota njiani. Karani wetu wa mapokezi alikishika kwa ncha za vidole.

Nimevitazama kwa hadubini ya maabara yetu. Ni kuvu, si wadudu. Vidogo kuliko kifungo cha shati, vyekundu, na ukingoni vina nywele nyeusi zilizosimama kama kope. Tunavitambua kwa nywele hizo. Huota kwenye mti uliokufa ukalowa, na havidhuru nyumba. Ila hukuniambia haraka yote hii ni ya nini.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima, usininunie kwa kuchelewa. Niliona aibu kukuambia. Mama anasema yale ni macho yako. Kila asubuhi analimwagia gogo maji, anakaa nalo, anakusimulia nani kaoa na nani kahama. Nikimsomea barua zako anacheka: "Acha uongo, hizi unaziandika wewe. Kaka yako huyu hapa, ananitazama."

Nikamwambia, "Mama, huo ni uyoga."

"Na wewe ulizaliwa umekunjamana kama uyoga, mbona tulikuita mtoto?"

Majirani siku hizi wanapita mbali. Wewe ndiye mjuzi: nikiliburuta gogo juani, vitakufa? Au njoo mwenyewe, akushike uso, aamini. Daktari anasema moyo wake umechoka.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na kile kikohozi kimekwisha.

Nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini nije. Ndipo nikapiga simu Jumapili ile, ukampa Mama, ukaenda zako jikoni. Kwa hiyo hukusikia.

Nilisema, "Mama, ni mimi."

Akanijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgeni: "Mwanangu yuko nje, baba. Subiri nikamwitie."

Akaiweka simu. Nikasikia kandambili zake zikienda, maji yakimwagika, kisha sauti yake ikiita jina langu la utotoni, ambalo huku hakuna anayelijua. Nilifungua mdomo niitike, nikaufumba. Halafu Mama akacheka, kama mtu aliyejibiwa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuvitazama vile vikombe mezani pangu, huwa nafumba macho kwanza.

Usiliburute gogo juani. Vitanyauka upesi, na yeye atakuwa amefiwa. Liache kivulini, na siku asipoweza kunyanyuka, limwagie wewe. Mimi nikija, nitakuwa mzee fulani aliyesafiri kote huko kumwambia kwamba mwanawe ni kuvu.

Sitarudi.

Kaka yako