Kofia ya Baba Yenye Kamba Nyuma

Jumatatu, 3 Juni 1912

Kofia ya nne imekamilika. Maji ya wanga yalikuwa mazito kidogo, lakini nimeianika juu ya chungu kilichogeuzwa na inakauka bila kupinda. Duara la juu limetulia. Hii ndiyo nzuri kuliko zote.

Shuleni hesabu na imla. Mwalimu alisema mwandiko wangu unapendeza, ila nikisoma kwa sauti anahitaji kuniwekea sikio mdomoni. Darasa zima likacheka. Sikucheka.

Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Baridi.

Baba hakutoka tena. Mwaka juzi, walipokuwa wanapasua mawe ya reli, baruti ilimchoma kichwani. Upande wa kulia nywele hazioti na ngozi imejikunja. Zamani alikuwa na misuko mirefu yenye udongo mwekundu na mafuta, watu wakimtambua kwa mbali. Sasa hutoka jua likizama tu, kutazama ng'ombe wakiingia zizini, kisha hurudi ndani. Mama alijaribu kumfunga kaniki kichwani. Akasema yeye si mwanamke mwenye msiba.

Alhamisi, 6 Juni

Imekubaliwa. Watu wa mchumba wa dada yangu Sechelela wataleta ng'ombe wa mahari Jumamosi ya tarehe 29. Baba wa binti husimama kwenye mlango wa zizi. Kila ng'ombe hupita mbele yake, naye humshika mgongo, humkubali au humkataa. Watu wote wanatazama.

Baba amesema kaka yake atasimama badala yake.

Sechelela alikwenda nyuma ya ghala akalia. Nilikaa naye. Nikamenya kipande cha muwa nikampa.

Nataka kumshonea Baba kofia atakayotoka nayo. Ndiyo sababu nilianza kujifunza. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nilimuaga Fundi Idi. Ni mtu wa Kondoa, anashona kofia na kanzu sokoni, na nimekaa miguuni pake kila jioni baada ya shule tangu mvua za mwaka jana. Nilidhani atakasirika. Aliinua macho kutoka kwenye kazi yake akasema, "Haya, nenda kajitegemee. Ila usikae mbele yangu, utaniharibia riziki." Kisha akanipa mkasi wake wa zamani. Nilishindwa kusema asante kama inavyopasa.

Nilitandika mkeka kando ya ukuta wa njia ya stesheni, karibu na soko, kofia zangu nne juu yake. Wapagazi walipita. Watu wa reli walipita. Kuita wateja siwezi. Nilijaribu mara moja, sauti ikatoka kama ya kifaranga.

Adhuhuri alifika Ndahani, yule kijana mchunga ng'ombe anayejulikana na kila mtu kwa misuko yake na kelele zake.

"Wewe bubu, unauza au unalinda?"

"Nauza."

"Basi uza! Au nikuitie watu?"

Akaita kweli. Niliona haya nikatamani ardhi inifunike. Nimeuza kofia mbili. Yeye mwenyewe ameagiza ya kuvaa juu ya misuko. Nimempima kwa uzi kuzunguka kichwa chote, nikafunga fundo kwa uangalifu. Kwa kuwa Mwalimu ametufundisha habari za duara, nilijiona mtaalamu.

Jumatano, 12 Juni

Mama alimpima Baba wakati anamsafisha kovu, akaniletea uzi. Nimemshonea kofia nyeupe ya kitambaa cha merikani, ngumu, iliyosimama vizuri. Kazi ya mikono yangu yote.

Aliivaa. Akakaa nayo kidogo. Kisha akaivua taratibu, akaiweka mapajani pangu.

"Mwanangu, inanibana hapa penye kidonda. Tena nikitoka nayo wazee wataniuliza nimesilimu lini."

Hakufoka. Heri angefoka.

Ijumaa, 14 Juni

Nimempa Ndahani kofia yake. Imekaa juu ya misuko kama iliyoota pale. Alicheza njiani hadi kwenye miti ya soko. Nimefurahi. Nimeandika hivyo ili nikumbuke kwamba leo nilifurahi.

Jumatatu, 17 Juni

Sitaki kuandika.

Naandika. Bibi yake Ndahani amefariki juzi. Desturi yetu ni hiyo, wafiwa hunyolewa. Misuko yake yote imekwenda. Leo alipita sokoni na kofia yangu, nayo ikamshuka hadi mdomoni.

Akasimama katikati ya watu, mikono mbele kama kipofu. "Jamani, nani amezima jua?"

Soko zima likacheka. Fundi Idi akapaza sauti kutoka kwenye kibanda chake. "Kijana, ulipima kichwa au ulipima nywele?"

Nywele. Nilipima nywele. Fundi ni mtu wa Kondoa, wateja wake wananyoa, uzi wake haudanganyi. Mimi ni Mgogo. Nimeona watu wakinyolewa misibani tangu nilipokuwa mgongoni mwa Mama. Mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba kichwa cha kwetu leo kikubwa, kesho kidogo.

Nilikimbia. Mkeka niliuacha. Mkasi nusura niutupe korongoni.

Baadaye kidogo, nimekaa. Limenijia jambo baya zaidi. Ndahani amefiwa, na mimi nilikimbia bila hata kumpa pole.

Jumanne, 18 Juni

Sikwenda shule. Nilikwenda kwa kina Ndahani. Nikaamkia wazee, nikakaa na wanaume nje ya tembe. Nilimpa pole. Bila misuko anaonekana mdogo, karibu sawa na mimi. Alinieleza kuhusu bibi yake, jinsi alivyokuwa akimpaka udongo nywele mwenyewe kila mwezi, akimtukana asitingishike. Hakupiga kelele hata mara moja.

Nilipoondoka alinipa kofia. "Ikate uione itakavyokuwa. Lakini nywele zangu zitarudi, usisahau."

Zitarudi. Nimetembea na neno hilo hadi nyumbani.

Nikikata ipungue, itamtosha sasa, baadaye itambana. Nikiacha, itamfunika macho. Kofia ya kwetu lazima ifuate kichwa. Nimeipasua nyuma, kutoka ukingoni kwenda juu. Nimetoboa matundu pande zote mbili za mpasuo, nikayazungushia uzi kwa mishono ya karibu karibu kama Fundi alivyonifundisha, kisha nikapitisha ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi. Ukikaza, inapungua. Ukilegeza, inakua.

Vidole vinauma. Sijali.

Alhamisi, 20 Juni

Imemkaa Ndahani. Akatikisa kichwa, akainama, akaruka. Haikuanguka.

"Ina mkia kama ndama!" alisema. Sasa anaiita hivyo, Ndama, kama jina la mtu. Rafiki zake watatu wanataka na wao Ndama. Wanataka ziwe nyekundu ili udongo wa nywele usionekane. Kweli, ile nyeupe ilikwisha kuwa na madoa siku ya kwanza.

Fundi Idi aliiomba kofia. Akaigeuza, akaigeuza, akavuta ukanda. Kisha akaniambia mshono wa tundu la tatu umelegea. Ulikuwa umelegea. Akaongeza kwamba vichwa vyenye misuko vikija kwake atavileta kwangu.

Jumamosi, 22 Juni

Sikukaa njiani leo. Nimechemsha merikani na magome ya mti na udongo mwekundu. Imetoka rangi ya ng'ombe wetu mkubwa. Mikono yangu pia. Sechelela anasema nisimguse mtu hadi Jumatatu.

Wakati nakoroga nikawaza juu ya Baba. Inanibana hapa penye kidonda. Kofia inayolegea haitambana. Na kofia nyekundu yenye ukanda wa mbuzi hakuna atakayeuliza amesilimu lini.

Mbona sikufikiri siku nne zilizopita? Nilikuwa nawaza kuhusu Ndahani tu.

Jumatatu, 24 Juni

Mwalimu aliona mikono akauliza kama nimechinja. Nikasema ni kazi ya kofia. Nilisema kwa sauti iliyosikika. Akaniambia nikae.

Ya Baba imekamilika. Upande wa kulia sikutia wanga hata tone, na ndani nimeweka kitambaa cha kaniki kuukuu ya Mama, laini kwa kufuliwa. Mama ameshona shanga ukingoni, nyeupe na nyeusi. Nimeiweka juu ya kigoda cha Baba, nikatoka nje haraka.

Naogopa. Ikikataliwa hii sina nyingine kichwani.

Jumatano, 26 Juni

Bado haijaguswa, ila imehamishwa kutoka kwenye kigoda. Iko kwenye kigingi cha ukutani.

Baba mkubwa alikuja kupanga mambo ya Jumamosi. Alizungumza sana. Yeye atasimama hapa, wageni watatokea kule, pombe ikae wapi. Baba alikuwa anatazama moto. Baba mkubwa akainua macho.

"Hii kofia ya nani?"

"Yangu," Baba akasema.

Baba mkubwa aliendelea na habari ya pombe, lakini taratibu zaidi.

Ijumaa, 28 Juni

Baba aliniita. Alikuwa ameivaa, ukanda unaning'inia.

"Njoo unifunge. Sioni nyuma."

Sijawahi kumgusa Baba kichwani. Mtoto hamgusi baba yake kichwani. Nilisimama tu hadi akasema tena njoo. Nilifunga. "Legeza," akasema. Nikalegeza. "Tena kidogo. Hapo." Kidole changu kiligusa kovu. Lina joto, na ni laini kuliko nilivyodhani. Alivuta pumzi, lakini hakusogea.

Kisha akaivua na kuirudisha kwenye kigingi. Kuhusu kesho hakusema kitu. Sikuthubutu kuuliza. Mama naye hakuuliza. Sechelela anasuka ukili usiohitajika na mtu.

Jumamosi, 29 Juni

Amesimama.

Watu walikwisha kufika, ng'ombe wanalia nje, vumbi limepanda. Baba mkubwa alikuwa tayari mlangoni mwa zizi. Baba akatoka ndani ya tembe katikati ya mchana, na kofia nyekundu. Jua lilimpiga akafumba macho. Baba mkubwa alisogea pembeni bila kuambiwa. Leo nampenda sana Baba mkubwa.

Mzee mmoja wa wageni akasema "Mbukwa," kama anavyosalimiwa mtu yeyote aliyeonekana jana. Baba akaitikia. Sauti yake ni kubwa! Nilikuwa nimeisahau.

Ng'ombe walipita. Aliwashika mgongo. Mmoja alimkataa kwa kwato mbovu, wageni wakalalamika, akawajibu, "Nilichomwa kichwa, macho yangu mazima." Wakacheka, naye akacheka. Ng'ombe akabadilishwa.

Mzee aliuliza kofia imetoka wapi. Baba akanyoosha mkono kuelekea nilipojificha. "Kwa fundi yule." Ndahani akapiga mluzi. Nikaingia ndani ya ghala nikakaa na Sechelela, tukalia wote wawili kama wajinga.

Jumatano, 3 Julai

Upepo umetulia. Uji wa uwele, kisha shule. Nilisoma ukurasa mzima mbele ya darasa. Mwalimu alisikia karibu wote.

Nina kofia za kushona hadi mwisho wa mwezi. Fundi Idi ameleta kichwa kimoja, mzee kutoka Mkonze, misuko mizito. Nilimpima mara mbili, nikamwambia habari ya ukanda, akasema anaijua.

Nilipotoka shule kofia ya Baba ilikuwa kwenye kigingi, naye hayupo. Nikaichukua nikakimbia kuelekea kisimani. Nikasimama kabla ya kufika. Alikuwa katikati ya wanaume, fimbo begani, kichwa wazi, wanabishana juu ya ng'ombe. Jua lilikuwa juu ya kovu lake. Nadhani amesahau tu.

Sikumwita. Nimeirudisha kwenye kigingi, nikaketi nje kukata merikani.