Sakafu Baridi ya Mama

Jecheon, 18 Januari 1989

Kwako dada yangu mpenzi Geum-nyeo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi ni wazima, isipokuwa Mama, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Unakumbuka kikao cha mwaka juzi, tulipochagua kitu cha kuchemshia maji ya mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu yake ili chumba kipate joto. Mama alitaka makaa ya mawe, yale ya duara yenye matundu, aliyoyazoea. Kaka Tae-sop akakunja pua, akasema makaa ni ya maskini na moshi wake unaua watu usingizini. Akaleta boila ya mafuta ya taa, akaifunga ukutani upande wa barabarani, kijiji kizima kiione. Nilichukizwa, lakini nilinyamaza.

Basi sikia, dada. Mama haiwashi. Anaiwasha Kaka akija tu. Sikukuu ya mwaka mpya mliketi nyote kwenye joto, Kaka akipigapiga sakafu kwa kiganja: "Mnaona? Mama anaishi kama malkia!" Gari lake halijavuka daraja, Mama keshazima. Anasema mafuta ni ya mwanawe, asije akafika akakuta yamekwisha.

Jumatatu iliyopita nilimkuta amelala na koti, maji ya kunywa yameganda bakulini kando ya kichwa chake. Maji ya kwenye mabomba nayo yalikuwa yameganda na kuyapasua, na jua lilipotoka yakaanza kuvuja. Karatasi iliyobandikwa sakafuni imevimba, chumba kinanuka kama tambara bovu la jikoni. Daktari anasema ni mapafu, na kwamba baridi nyingine kama hiyo hataivuka.

Nikampigia Kaka simu. Unajua alinijibu nini? Eti Mama amezeeka, hajui kutumia vitu vizuri, ataleta boila kubwa zaidi. Kubwa zaidi! Nikamkatia.

Nimeagiza boila ya makaa. Itakaa kwenye kibanda nje, mbali na chumba, yenye bomba refu la moshi. Kaka atafoka. Naomba usimame upande wangu.

Lakini kabla hujakubali, nikwambie. Nimeandika hapo juu kwamba nilinyamaza. Nimekudanganya. Makaa hubadilishwa alfajiri na jioni, na ninayekaa karibu na Mama ni mimi. Habari ya moshi unaoua nilimnong'oneza Kaka mimi, mlangoni, kabla kikao hakijaanza. Sikuogopa moshi wowote. Niliona uvivu kuamka. Na kwamba Mama haiwashi boila nilijua tangu baridi ya mwaka jana. Aliniomba nisimwaibishe Kaka, nami nikashukuru kimoyomoyo kwamba ameniomba.

Sasa Mama yuko kwangu. Jana niliingia na theluji mabegani, akajikokota kutoka mahali pa sakafu penye joto kuliko pote, huku akikohoa, akapagusa kwa mkono akasema, "Njoo ukae hapa, mwanangu, umeganda." Najichukia, dada. Nilikaa.

Msalimie shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba ya bibi yao.

Ni mimi mdogo wako,
Bong-rye