Penalti ya Clem Ackroyd

Ellerdale, 3 Oktoba 1938

Shemeji Clem,

"Ackroyd alicheza mechi mia tatu na sabini bila bao hata moja, na siku alipopewa penalti aliikimbia. Mtu wa namna hiyo atawafundisha nini wachezaji wetu?"

Hayo ni maneno ya yule anayejiita Mshika Kibendera katika gazeti la Jumamosi, bwana ambaye hajawahi kupiga mpira isipokuwa kwa kalamu. Nimeyatanguliza hata kabla ya salamu ili uone kilichonitibua. Sasa salamu. Sisi wazima. Annis anapumua vizuri, leo kapanda ngazi na ndoo ya makaa bila kusimama njiani. Goti lako linaionaje baridi ya Grimsby? Dada yangu Hilda hajambo?

Nimemjibu yule bwana kurasa nne. Nimemwambia kazi ya beki wa kushoto ni kuhakikisha winga wa wageni anarudi kwao na jezi chafu na mikono mitupu, na kwamba winga waliorudi hivyo nyumbani kwa sababu yako wangejaza treni. Kuhusu penalti sikuwa na hoja. Nimeandika tu kwamba mtu akiogopa mara moja katika miaka kumi na miwili, hiyo haiwi tabia. Usinikasirikie. Kila Krismasi nimekuita mwoga mezani, mbele ya bata bukini, na kila mwaka umecheka ukaomba viazi.

Jumamosi tarehe 15 utaongoza kikosi cha akiba cha klabu yetu, wakurugenzi wakutazame. Jumatatu yake wanaamua kama kazi ya kukifundisha ni yako. Nao husoma gazeti lile. Nataka uipate, Clem. Nataka mrudi nyumbani.

Shemeji yako,
Seth


Grimsby, 6 Oktoba 1938

Shemeji Seth,

Barua imefika, na tunashukuru kusikia habari ya Annis na ndoo. Hilda ameisoma mara mbili. Goti linalalamika, lakini sokoni hakuna anayelisikiliza, kwa hiyo nalo limezoea. Nabeba samaki tangu alfajiri, na paka wote wa mtaa wananijua kwa jina.

Mwache huyo wa gazeti. Hilda anasema ulianza kubishana na mchungaji ukiwa na miaka mitano, na kwamba mchungaji alihama. Penalti ile niliyokuachia uliipiga vizuri, chini, kulia kwa kipa. Tangu nilipotoka ofisini kwa katibu wa klabu Ijumaa, siku moja kabla ya mechi, nilikuwa na wasiwasi, ila nilipokuona unaupangusa mpira tope kwa mkono wa jezi, wasiwasi ukaniisha. Tosheka na hilo.

Shemeji yako,
Clem


Ellerdale, 7 Oktoba 1938

Shemeji Clem,

Hatujambo. Ofisini kwa katibu ulifuata nini?

Usinizungushe. Orodha ya wachezaji wanaobakizwa kwa msimu ujao hubandikwa mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo baada ya mechi ya mwisho, na asiyekuwamo hurudisha ufunguo wa nyumba ya klabu. Aprili ile nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mshambuliaji wa kati asiye na bao tangu Krismasi. Annis alikuwa kitandani na kifua chake, daktari amekataza asihamishwe. Nilifunga ile penalti, nikakuta jina langu mlangoni, nikasema nimejiokoa mwenyewe. Ijumaa uliona nini?

Seth


Ellerdale, 10 Oktoba 1938

Shemeji,

Posta ya Grimsby haijawahi kuchelewa hivi. Nasubiri.

Seth


Grimsby, 11 Oktoba 1938

Shemeji Seth,

Natumaini Annis yu mzima bado. Hilda ananiambia nikwambie, basi.

Nilipeleka viatu vyangu vipelekwe kwa fundi. Katibu alikuwa ametoka kunywa chai, na orodha ilikuwa mezani. Hukuwamo. Kesho yake nahodha akanipa mpira, watu wote wakiimba jina langu, kwa kuwa ilikuwa mechi yangu ya mwisho. Nikakuona umesimama mikono kiunoni. Nikakwambia, "Piga wewe, tumbo limenivuruga." Ningekwambia nini kingine? Ungekataa. Wewe hata mwavuli umewahi kuukataa kwenye mvua.

Baada ya bao walikuongeza orodhani kwa penseli, chini kabisa. Basi. Una picha ya bao lile juu ya kaunta ya baa yako, na watu wanakunywa chini yake kwa furaha. Usiiharibu. Nyamaza.

Shemeji yako,
Clem


Ellerdale, 13 Oktoba 1938

Shemeji yangu Clem,

Nimemsomea Annis barua yako. Alilia kidogo, kisha akauliza mbona bingwa wa kusoma vitabu amechukua miaka saba kuelewa.

Nimeishusha ile picha nikaitazama dirishani. Kila mtu ndani yake anautazama mpira, isipokuwa mmoja, pembeni kushoto. Wewe unanitazama mimi. Nimeipita kila siku na sikuona. Nimeirudisha ukutani.

Sina neno kubwa la kutosha, na unajua maneno sikosi. Asante, Clem. Asante kwa bao, kwa nyumba, kwa Annis na ndoo yake, na kwa kila Krismasi uliyoomba viazi.

Ulinitaka ninyamaze. Katika hilo sikutii. Karatasi hii nimeibandika mlangoni mwa baa, na nyingine kwenye lango la uwanja:

"Kwenu mliosimama uwanjani upande wa kiwanda cha gesi Aprili 1931 mkamzomea Ackroyd kuwa ni mwoga. Mimi nimemzomea kwa miaka saba, tena mezani kwangu. Hakuogopa. Alijua jina langu halimo katika orodha ya wanaobakizwa, akaniachia bao pekee ambalo angelipata maishani, akayabeba matusi yenu na yangu, na mke wangu akalala kitandani pake mwaka mzima mpaka akapona. Jumamosi saa nane na nusu anatoka na kikosi cha akiba. Wakurugenzi watakuwa wameketi wakiwatazama ninyi. Njooni. Vueni kofia zenu, nyote, hata mvua ikinyesha, na msizivae mpaka awe ameketi.

Shemeji yake,
Seth Garside"