Mama Hapandi Basi Jumamosi

Kitengela,
Jumatano, Julai 2004.

Kwa ndugu yangu mkubwa Nalianya,

Mulembe sana. Natumaini barua hii inakupata ukiwa mzima, wewe na Keziah na watoto wote, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimepoa. Tulisikia mvua ya mawe iliharibu maharagwe huko nyumbani. Poleni sana. Sisi hapa tuko wazima, ila baridi ya Kitengela mwezi huu haina adabu kabisa. Upepo unaingia chini ya mlango bila hodi na hautoki mpaka Septemba. Mama ni mzima, anakula vizuri, na lile goti halimsumbui tena.

Barua yako Ouma wa lori la mahindi aliifikisha. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, halafu unaanza kupiga kelele, halafu pesa inaisha kabla sijafika kwa jambo lenyewe. Leo hunikatizi. Kaa chini, mwambie Keziah akumiminie chai, na usome mpaka mwisho.

Umeandika ya kwamba Mama apandishwe basi la Jumamosi bila kukosa, kwa sababu Keziah anajiandaa kwenda kozi na hakuna wa kubaki na watoto na ng'ombe. Umeandika pia kwamba vitabu vyangu niwapatie wauza njugu wafungie njugu zao, maanake ndivyo vinamfukuza Oyoo asinioe, na mwanamke wa umri wangu hana haki ya kuringa. Nalianya, nakuheshimu. Wewe ndiye uliuza yule ndume mweusi ili nimalize kidato cha nne, na sijasahau, na sitasahau. Lakini jibu ni hapana. Mama hapandi basi Jumamosi. Na vitabu vyangu havifungi njugu ya mtu yeyote.

Usirushe barua bado. Wacha nikueleze tunavyoishi, kwa sababu najua habari zangu huko nyumbani zinafika zikiwa zimeshakorogwa.

Ni kweli sina kabati la vyombo. Wanawake wa chama cha hapa plotini walipokuja kwangu mara ya kwanza walitafuta glasi za maua na vikombe vya kupanga, wakakuta mbao juu ya matofali, na vitabu kutoka sakafuni mpaka dirishani. Unajua vile mgeni akiingia nyumba ya watu anapewa albamu ya picha ashikilie huku chai ikichemka. Mimi niko na albamu moja tu, na nusu yake ni wewe siku ya harusi yako. Kwa hivyo niliwapa kila mmoja kitabu. Walifungua, wakatafuta picha, wakakosa, wakafunga. Baadaye nilisikia wakinong'ona ati mimi ni mtu wa mapepo. Sawa tu. Mwanaume akikaa baa mpaka saa tano wanasema maskini, amechoka na kazi. Mwanamke akikaa kwake na kitabu wanamtafutia mchungaji.

Starehe yangu si siri. Jioni nikishuka kwenye basi la kutoka Kajiado, macho yakiwa yameuma na kutaipu barua za wakubwa mchana kutwa, naosha miguu kwa maji moto, navaa soksi mbili, moja juu ya nyingine. Jiko naliwasha nje mpaka moshi uishe, ndipo naliingiza ndani na kuacha dirisha wazi kidogo. Kuna kiti cha mbao cha mikono ambacho fundi wa pale barabarani alinitengenezea, na mto wa sufi, na shuka nyekundu ya Kimasai ya kufunika magoti. Themosi ya chai ya tangawizi iko kulia, mandazi kushoto. Mvua ikipiga mabati, hata mtu aniite nihamie ikulu, siendi. Sinywi pombe, sizururi, kodi nalipa, kanisani naonekana. Sasa dhambi yangu ni gani?

Wewe mwenyewe ndiye ulimtuma Mama baada ya Pasaka aje anitoe huu wazimu. Alishuka na kuku wawili na maagizo yako yote kichwani, na haki ya nani, alifanya kazi uliyomtuma. Alisema macho yangu yatapasuka. Alisema hakuna mtoto atakayekaa kwa tumbo la mtu anayekunja mgongo hivyo. Nikifungua kitabu, yeye anaanza kuomba kwa sauti. Siku moja alikificha kimoja ndani ya ndoo ya unga, nikakipata nikisonga ugali, kikiwa cheupe kama mtu aliyetoka kwa posho mill. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alinuna, kisha akacheka pia.

Basi nikaona kama ni kelele, na iwe kelele ya maana. Nikaanza kumsomea kwa sauti. Nilichagua hadithi ya mwizi wa ng'ombe, nikijua mtu wa boma hawezi kuikataa. Mara ya kwanza alijifanya anachambua mboga, lakini sukuma ile ile moja ilikaa mkononi mwake mpaka nikamaliza sura. Jirani yangu Soila, ambaye hutuletea maziwa, aligonga akasema supa, ile salamu ya Wamasai, akaingia kuacha chupa, na hakutoka. Tangu siku hiyo tuko watatu. Soila humtukana yule mwizi kwa Kimaa, Mama humtukana kwa Kibukusu, na mimi niko katikati na kitabu nikingoja watulie. Walibishana wiki nzima kama mwizi mwenye akili anaweza kupitisha ng'ombe mtoni mchana. Soila alisema Mbukusu ndiye anaweza, Mmasai hawezi. Mama alisema Mmasai hawezi kwa sababu anasema ng'ombe wote ni wake tangu mwanzo, ataiba kwa nani. Walicheka hao wawili mpaka mwenye plot akaja kuuliza kuna nini.

Sasa hapo ndipo shida ilipoanzia. Asubuhi mimi naenda Kajiado, na kitabu kinabaki mezani. Siku moja nilirudi nikamkuta Mama amekasirika kweli kweli, na si mchezo. Aliniambia nina tabia mbaya. Aliniambia kumwachia mtu hadithi imefungwa, ukaenda zako mpaka jioni, ni kama kumkaribisha mgeni, umwonyeshe sufuria ya nyama, kisha uondoke na mfuniko umefungwa kwa kufuli. Alikuwa amekishika kile kitabu mchana wote, akakigeuza, akakinusa, akakiweka, akakishika tena. Akasema nimfundishe. Akasema nisimwambie mtu, na hasa nisikuambie wewe.

Najua unakumbuka ile ngumbaru ya kanisani, ya kufundisha watu wazima kusoma. Mama alienda jioni mbili tu. Baba alimtolea kalamu kwa kikapu akaivunja, akauliza ng'ombe watakamuliwa na mwalimu? Wewe ulikuwa darasa la saba na ulicheka. Mimi nilikuwa mdogo, nilicheka kwa sababu wewe ulicheka. Mama hajawahi kulitaja hilo jambo mpaka mwaka huu, akiwa hapa kwa kiti changu, na alilitaja bila hasira, kama mtu anayetaja mwaka wa njaa.

Alijifunza kwa njia yake. Nilileta kitabu cha watoto chenye picha ya kuku na mpira, akakisukuma kando, akasema yeye si mtoto na kuku anawajua. Akatoa kitabu chake cha nyimbo za kanisani, kile anachokibeba kila Jumapili. Nyimbo zote anazo kichwani tangu akiwa msichana. Kwa hivyo akawa anaimba polepole, neno moja, kidole juu ya neno moja, mpaka sauti na kidole vikakubaliana. Alianza kuyatambua yale maneno hata nje ya wimbo. Wiki chache baadaye hatukuweza kwenda sokoni tukafika. Kila ubao wa duka lazima asimame. Alisoma chumvi, akasoma unga, akasoma bucha, akasoma choo ni cha wateja tu, akasimama hapo akacheka peke yake barabarani, na watu wakampita wakimwangalia. Sijawahi kumwona mama yetu akiringa. Anaringa, Nalianya! Na inampendeza.

Kuhusu Oyoo, usidanganywe na mtu. Oyoo ni mtu mzuri na sina ubaya naye. Alikuja Jumapili kutoka Magadi, akiwa bado na vumbi jeupe la magadi kwa viatu, akaeleza kwa upole kwamba nyumba ya kampuni ni ndogo na joto la huko linakausha hata mate. Akasema vitabu viwekwe kwa watu kwanza, mpaka amalize ile nyumba anayojenga Tuala. Nilimuuliza yeye atawekwa kwa nani. Nilimwambia mimi na vitabu tunakuja pamoja au hatuji. Hakukasirika. Alikunywa chai yake, akasema anaenda kufikiria. Afikirie vizuri, sina haraka, na wewe pia usiwe nayo kwa niaba yangu.

Sasa nafika kwa jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu juu.

Ouma alileta barua yako Jumatatu mchana. Mimi nilikuwa kazini Kajiado. Aliyeipokea ni Mama. Aliona jina lako nyuma ya bahasha, akalisoma, akaifungua. Niliporudi jioni jiko halikuwa limewashwa na chai haikuwepo. Alikuwa ameketi kwa kiti changu na barua kwa magoti. Aliianza Ouma alipotoka, na aliimaliza jua likizama. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwake kusoma mwenyewe, na iliandikwa na mtoto wake wa kwanza. Hakuna mahali aliruka. Hata pale uliposema, na nanukuu mkono wako, "Mama usimuulize, hajui kitu, yeye ni wa kupakiwa tu. Mfungie nguo, mpe soda, kondakta atamshusha Kanduyi."

Aliniuliza neno moja peke yake. Aliuliza kama hilo la kupakiwa ndilo lile lile la magunia. Nilitaka kudanganya. Nilijaribu kutafuta maana nyingine, nikakosa, nikamwambia ndilo. Akaikunja barua vizuri, akairudisha kwa bahasha. Yeye hakulia. Mimi nililia, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilikuwa na aibu, na pia kwa sababu alisoma yote bila kukosea.

Soila alikuja na maziwa akaondoka. Kisha Mama akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Aliuliza kama nitaolewa na Oyoo mwaka huu. Alisema mila tunaijua sote, yeye hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake, hata usiku mmoja. Akaniuliza nikiolewa, yeye atasomea wapi. Nyumbani kwako hakuna mahali, alisema, kwa sababu kule akikaa chini tu anaitwa. Nilishika mikono yake nikamwambia basi siolewi. Akanigombeza vikali. Akasema hakuzaa binti awe mlinzi wake, na mtu mzuri asiachwe kwa ajili ya kikongwe. Alitaka tu kujua muda uliobaki, ndiyo asome haraka.

Ndiyo maana nasema hapandi. Wewe ulinisukuma niolewe na hukufikiri kwamba nyumba hii ya kupanga, yenye mbao juu ya matofali, ndiyo nyumba ya pekee duniani ambamo mama yetu anaweza kulala, akaamka, na asiitwe na mtu. Siku nikiolewa mlango huo utafungwa, na si mimi nitakuwa nimeufunga, ni mila yetu. Kwa hivyo wakati uko wazi, ataketi hapa. Sikuombi ruhusa. Nakuarifu. Tafuta mtu wa kukamua, tafuta msichana wa watoto, fanya vile watu wengine hufanya. Na ukimtaka Mama, njoo wewe mwenyewe na miguu yako, uketi, unywe chai, umuulize. Pengine atakubali, anawapenda hao watoto kuliko macho yake. Lakini umuulize. Hakuna mtu amewahi kumuuliza.

Msalimie Keziah, mwambie nafurahi anaenda kozi na asikubali kukatazwa na mtu. Wabusu watoto. Salamu kwa wote wa kanisani na wa pale sokoni. Soila anakusalimia pia, ingawa hamjaonana, na anasema ukija usije mikono mitupu.

Ni mimi dada yako asiyeogopa tena,
Nasike.

Hapo chini nimemwachia Mama nafasi. Sikumsaidia hata herufi moja.

Nalianya. Barua nimesoma. Mimi si gunia. Ngombe kamua wewe, mikono unayo. Watoto nawapenda, waambie. Nitakuja nikitaka. Na siku ingine usiandikie Nasike habari zangu. Niandikie mimi. Andika kubwa kubwa.
Nafuna mama yako.