Ukuta Ulioota Mpunga

Kijijini Wema, Jumamosi, Novemba 1956

Manyunyu tangu alfajiri. Mto umekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na unapanda bila haraka, kama mtu anayeijua njia. Nimekaa jikoni karibu na mafiga, kucha zimejaa udongo, mgongo unauma, na bado nacheka peke yangu. Mungu anisamehe. Leo sikujua kitatangulia nini, kicheko au kilio.

Acha nikuandikie, daftari langu, kabla Baba Raheli hajaanza kuyasimulia kijijini kwa namna yake.

Leo Mama Komora alikuja kuona uwanja. Kwetu, kabla posa haijaletwa, mama wa kijana huja mwenyewe kuiona nyumba alimolelewa msichana. Hasemi kwamba amekuja kutazama. Husema amepita tu kusalimia. Lakini macho yake huingia jikoni, hufika chooni, hupita chini ya paa na kuzunguka nyuma ya nyumba. Nyumba ya mama ndiyo shahada ya binti.

Na Mama Komora si mtu wa kuchezea. Anakaa Garsen, na mwanawe Komora anafanya kazi kwenye kivuko. Uwanja wake, wasemao husema, umefagiwa hata kuku huona haya kuukanyaga. Mwaka jana alikwenda kuona nyumba ya watu fulani, akakuta mchwa wamejijengea njia ukutani mpaka kwenye boriti. Alikunywa maji, akaaga vizuri, na posa ikafia hapo.

Raheli wangu anampenda Komora. Hajaniambia. Lakini binti anayekwenda mpaka kivukoni kisha havuki, mama yake hahitaji kuambiwa.

Kwa hiyo tangu mavuno yaishe nilimshika Baba Raheli kwa kazi za nyumba. Tuliziba paa la jikoni kwa nyasi mpya. Tulichimbua mtaro wa kuzunguka nyumba ili maji ya mvua yasilale kwenye msingi. Tulifyeka majani ya nyuma, ambamo nyoka alikuwa amejipangia chumba. Mchwa niliwamwagia majivu ya moto huku nikiwatakia mabaya, kisha nikajuta, maana nao wameumbwa. Ikabaki kukandika kuta.

Hapo ndipo akili yangu ilipojitokeza.

Kila mwaka tunachanganya udongo na samadi ya ng'ombe na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Mwaka huu nyasi nzuri ziko mbali, na pale kwenye kiwanja cha kupuria lilibaki lundo zima la makapi na mabua ya mpunga. Nikajiambia, makapi si nyasi tu? Nikawatangazia wanawake waliokuja kunisaidia kwamba makapi hushika udongo kuliko nyasi. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma sana, na mimi niliishia darasa la nne. Wakaniamini. Tukaimba, tukakanyaga udongo, tukapaka, nikawalisha wali na kambare. Kuta zikatoka laini kama shavu la mtoto aliyeogeshwa.

Jumapili yake nilikaa safu ya mbele kanisani. Sikukaa pale kwa ajili ya Neno peke yake.

Jambo moja nililisahau, nalo ni nani aliyeupura mpunga ule.

Baba Raheli ni mtu wa upole. Hupiga mpunga kama anayemwamsha mkwewe. Punje nyingi hubaki kwenye mabua, zikijificha. Na mimi makapi yale sikuyapepeta. Nani hupepeta udongo wa ukuta?

Jumatano asubuhi, baada ya mvua ya kwanza, Baba Raheli alitoka kunawa uso. Nikamsikia akisema kwa furaha, "Mwaka huu umeota vizuri." Nikajiuliza, umeota wapi, na shamba liko ng'ambo? Nikatoka.

Ukuta wote wa upande wa mto ulikuwa kijani.

Mpunga. Miche mizuri, yenye afya, imetoka ukutani kisha ikajikunja kutazama mbingu. Shambani hatukuwa tumepata miche kama ile.

Nilisema ung'olewe mara moja. Baba Raheli hakukataa kwa mdomo, alikataa kwa mikono. Alishika mche mmoja, akauachia. Akashika mwingine, akauachia. Mwanamume wa Kipokomo ukimwambia ang'oe magugu atang'oa mpaka jua lizame, lakini mpunga ulio hai mkono wake hauukubali. Mwishowe akaniuliza, taratibu, kama hatungeweza kuuhamishia shambani. Nilimtazama hadi akaenda kutafuta kofia yake.

Nikang'oa mwenyewe. Kila mche ulitoka na donge la ukuta wangu. Nikajaribu kuukata kwa kisu, ukabaki kama kidevu cha mzee aliyenyolewa gizani. Na kesho yake ukaota tena.

Nilifunga siku ile. Nilimwomba Mungu jua kali. Akaleta manyunyu.

Jana alipita Guyo, Muorma rafiki yetu, ambaye kwa miaka hutuletea maziwa na sisi humpa mahindi na mpunga. Aliuona ukuta, akaweka kibuyu chake chini, akaegemea fimbo.

"Mama Raheli," akasema, "nyumba yako iko na manyoya."

Nikamwambia si siku ya mzaha.

"Si mzaha. Nyinyi Wapokomo, shamba ikiisha munalima ukuta."

"Na nyinyi ng'ombe wakiisha mnakama miti?"

"Wallahi, ng'ombe haiishi," akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini alipoona macho yangu yamejaa machozi alinyamaza, akafikiri. Akasema kisu si dawa ya majani, dawa ya majani ni meno. Asubuhi angepita na mbuzi wake. Wangekula taratibu, bila kung'oa, na ukuta ungebaki safi.

Nakiri niliona ni hekima kubwa.

Na kweli, leo asubuhi ilikuwa hekima. Mbuzi walijipanga kando ya ukuta kama waumini kwenye benchi. Walikula kwa adabu. Sehemu ya chini ikawa safi kuliko nilivyotarajia, na Guyo akaenda kunywesha ndama wake mtoni, akaniachia mbuzi wamalizie. Nikaingia ndani kuoga.

Sikufikiri juu ya miche ya juu. Mbuzi alifikiri.

Jike mmoja mwenye pembe ndefu alisimama kwa miguu ya nyuma, akaweka ya mbele ukutani. Ukuta ulikuwa umelowa manyunyu. Nilisikia kishindo, nikakimbilia sebuleni na leso moja mwilini, nikakuta kichwa cha mbuzi kimetokea ndani, kimekaa baina ya fito, kinatafuna. Pembe zimenasa. Nikamsukuma, hakurudi. Baba Raheli akamvuta kwa nje, hakutoka. Na wakati huohuo Raheli anakuja mbio, uso umemwishia damu. Wageni wako mtaroni, wanavuka.

Wamewahi. Watu wasafi huwahi.

Nisingeweza kuwaweka wageni uani kwenye manyunyu. Nilichukua leso yangu mpya, ile nyekundu, nikaitundika ukutani juu ya kichwa cha mbuzi, kama pambo. Nikavaa, nikapumua, nikatoka kupokea.

Mama Komora alikuja na dada yake, wote wamevaa nyeupe. Aliusifia mtaro. Aliusifia uwanja. Nikaanza kuona mlango wa mbingu ukifunguka. Tukawaingiza sebuleni, nikawakalisha wakiupa mgongo ukuta ule, lakini Mama Komora akasema yeye hupenda kukaa anapouona mlango, akahamia upande wa pili. Sasa alikuwa ameielekea leso yangu.

Baba Raheli, kwa hofu, akasema tuombe. Naye akiogopa huomba kwa kirefu. Alimwombea mfalme aliyekufa na malkia aliyepo, akaombea mto, akaombea wasafiri wa majini na wa nchi kavu. Mimi nilisikia sauti nyingine chini ya sala. Krr, krr, krr. Nikafungua jicho moja.

Leso yangu ilikuwa inapungua.

Ilipanda ukutani kidogo kidogo, pindo likiingia mahali nisipopaona. Nikageuza jicho langu lile moja kwa Mama Komora. La kwake nalo lilikuwa wazi.

Baba Raheli aliposema "na uwabariki wote waliomo katika nyumba hii," mbuzi akaitika.

Hakuna aliyesema amina. Mama Komora aliinuka, akaifunua leso kwa vidole viwili, wakatazamana. Mbuzi aliendelea kutafuna.

"Huyu naye ni wa ukoo?" akauliza Mama Komora.

Nilitaka kusema uongo. Nakuambia ukweli, daftari langu, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwona Raheli amesimama mlangoni na sinia la chai, vikombe vinalia, na nikaona kwamba nikianza kwa uongo basi atakwenda na uongo huo mpaka Garsen. Nikasema yote. Makapi, darasa la nne, kiti cha mbele kanisani, kisu, mbuzi. Nikasema kosa ni langu, si la binti yangu. Binti alitaka tuchanganye nyasi kama kila mwaka, nikamwambia anyamaze.

 Mama Komora alitoka nje kwenye manyunyu, na viatu vyake vyeupe. Akatembea kando ya ukuta wote, pole pole, dada yake nyuma, sisi nyuma ya dada. Akafika penye miche ambayo mbuzi hawakuifikia. Akang'oa mmoja, akautazama mizizi.

"Nani alipura?"

Baba Raheli akavua kofia.

"Marehemu baba yake Komora alipura hivihivi," akasema Mama Komora. "Nilimgombeza miaka yote."

Kisha akatazama lile tundu, na sehemu ya nyuma ya mbuzi iliyokuwa ikipunga mkia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, na kipande kikaanguka, akacheka zaidi.

Guyo akarudi, akazigeuza pembe kwa ustadi wake, mbuzi akatoka salama na kipande cha leso. Tundu likabaki, kubwa, sebule yote inaonekana. Nikasema tutaziba wageni wakishaondoka.

Mama Komora akamwambia Raheli, "Mwanangu, niletee leso ya kazi, na udongo. Wenye nyasi."

 Kwetu, anayekuja kuona uwanja hagusi kazi ya nyumba ile, hata ufagio. Akigusa, si mgeni tena. Yeye anajua. Mimi najua. Dada yake akavuta pumzi, kisha naye akakunja mikono ya gauni.

Tukakandika, mimi na yeye upande wa nje, Raheli na dada ya Mama Komora ndani. Katikati ya kazi, akanyoosha mgongo, akasema maneno ambayo bado yananikaa kifuani:

"Kwangu ni safi, mama. Ni safi kwa sababu hakuna wa kuchafua. Komora hushinda mtoni. Mimi nafagia, na kesho nafagia nyayo zangu mwenyewe."

 Nikampa udongo.

Wazee wataleta posa mwezi ujao, mto ukiruhusu. Wakati wa kuaga alimwambia Baba Raheli kwamba kule Garsen anasubiri mkwe wa kupura mpunga kwa nguvu, si kwa adabu kama baba yake. Yeye akasema ndiyo, ndiyo. Jioni hii nimemkuta nyuma ya nyumba, ameiwekea uzio wa vijiti miche michache iliyobaki karibu na paa. Anataka kuona kama itatoa masuke. Nimemwacha. Kesho ni siku ya Bwana na sina nguvu za ugomvi.

Raheli anaosha mikono nje. Anaimba wimbo wa kukandika, ule tunaoimba mimi na yeye kila mwaka, mimi nikianza na yeye akiitikia. Leo anaziimba sehemu zote mbili.

Nimesumbuka na ukuta huu nipate kumtoa binti yangu ndani yake. Ee Mungu, asante. Na mwaka ujao nitakapoanza ule wimbo, ataniitikia nani?