Kusoma Kuanzia Mstari wa Mwisho

27 Oktoba

Shikamoo baba,

Habari za hapo, na goti linasemaje? Mimi mwili mzima, ila uchovu umehamia kwangu na virago vyake. Hoteli imejaa wageni wa mkutano, shuka mia tatu za kufua na kupiga pasi kwa siku, na msimamizi wetu, yule tunayemwita Kipenga, hataki kuona mtu ameketi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, na ukisikia unajibu usichoulizwa. Mwezi ujao naingia shindano la chama cha wasomaji pale maktaba. Siku thelathini, maneno elfu moja kila siku, kitabu kizima. Zawadi hakuna, ukimaliza umemaliza. Sharti ni kutorudi nyuma kusahihisha. Nitaandika asubuhi kabla ya zamu, na saa ya chakula juu ya marobota ya taulo.

Unanijua, mimi ni mtu wa kuanza. Nasoma vitabu vitatu kwa mpigo, kimoja jikoni, kimoja kwenye mkoba, kimoja nimekiegemeza kwenye kopo la wanga kazini. Vyote naanzia ukurasa wa mwisho, nijue nani atabaki hai kabla sijampenda mtu. Kuandika ndiyo usiseme. Nimeanza hadithi nne, na zote zimenifia mikononi nilipofika kwenye ugonjwa wa mama. Safari hii nataka kupita hapo. Na nataka mtu mmoja aisome, nawe ndiye mtu huyo. Lakini usome kama mtu anayesimuliwa, si kama mtu wa kiwandani.

Binti yako

31 Oktoba

Marahaba mwanangu,

Nimepata barua yako. Mimi naendelea, goti siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Kula vizuri, usinywe chai ukaiita chakula.

Hilo la kusoma kama msimuliwa sijui kama naliweza. Miaka thelathini na moja nimekuwa msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji. Mzee aliyenifunza kazi aliniambia siku ya kwanza: weka rula, anza mstari wa mwisho, panda juu. Ukisoma kuteremka, hadithi itakuchukua na makosa yatapita mbele yako. Basi nimesoma mamia ya vitabu na sijui hata kimoja kilihusu nini. Watu wakiniuliza, hiki kizuri? Nawajibu, kina karatasi nzuri.

Lakini wanasema kataa neno, usikatae wito. Wito nimeuitikia. Leta.

Baba yako

9 Novemba

Shikamoo baba,

Natumai u mzima. Mimi macho yamejaa mchanga, na vidole vinanuka sabuni hata nikila. Nimekutumia kwa basi kurasa thelathini na mbili, kazi ya siku nane. Sijakosa hata siku moja, baba. Mimi huyu.

Na nimepita pale. Ukurasa wa ishirini na nne. Niliuandika nikilia saa ya chakula, mwenzangu wa meza ya pasi akadhani nimeungua, akaja na maji. Usiuruke ukurasa huo, tafadhali. Huo ndio nimeuandikia kitabu kizima.

Binti yako

12 Novemba

Mwanangu,

Salamu nyingi, hapa kwema. Nimepokea kurasa, nimezipitia kwa siku mbili na kalamu nyekundu, nakurudishia. Makosa mia moja na kumi na mawili. Alama za mkato unazimwaga kama chumvi. Ukurasa wa kumi na tano umemwita jirani fundi seremala, wa kumi na nane amekuwa fundi cherehani. Ukurasa wa ishirini na mbili mgonjwa kajifunika blanketi la kijani, wa ishirini na nne limekuwa la bluu. Chagua moja.

Kazi si mbaya. Nimeona vibaya zaidi ya hivi vikichapwa.

Baba yako

14 Novemba

Shikamoo,

Nimepokea. Ukurasa wa ishirini na nne mama anakufa, baba. Msichana wa miaka kumi na tano yuko peke yake na mama yake hospitali, baba mtu yuko kiwandani, hana habari. Wewe umeona blanketi.

Nimechoka. Nimekaa na kurasa zako nyekundu kuanzia juzi na sijaandika hata neno moja. Nilikuomba kitu kimoja. Sikuomba usahihi, niliomba baba. Shindano nimeliacha, na usihangaike kunijibu.

Binti yako

24 Novemba

Mwanangu,

Hukutaka nijibu, na nimekaa kimya siku kumi. Sikununa. Nilikuwa nasoma. Nilimwomba mwalimu jirani anitolee nakala kabla sijakurudishia, mazoea ya kazi, kwa hiyo kurasa nilikuwa nazo. Nimeanza mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza, nikateremka. Nilikuwa nafika ukurasa wa ishirini na tatu naufunga, kesho naanza tena mwanzo. Jana nimepiga moyo konde nikaufungua ule wa ishirini na nne. Pole, mwanangu. Pole sana, na nimechelewa miaka kumi na tisa kukwambia.

Umeandika baba yule alikuwa kiwandani. Hakuwa kiwandani. Niliomba ruhusa asubuhi ile nikaja hospitali. Nilifika upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la dawa, nikakaa kwenye benchi tangu saa tatu. Kila nikisema sasa navuka, miguu inakataa. Niliogopa kumwona. Saa tisa nikaondoka, nikazunguka mjini mpaka giza, nikarudi nyumbani na mkoba wa kazi mkononi. Ulinifungulia mlango ukaniambia, nami nikakwambia kazi ilikuwa nyingi.

Mficha uchi hazai. Mama yako amekwenda akijua nimemtupa. Liandike hilo, usinisitiri.

Baba yako

26 Novemba

Shikamoo baba yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye mashine ya kupigia pasi, na shuka moja la watu nimeliunguza. Kipenga amesema ya kusema. Sikumsikia.

Shindano limenishinda, zimebaki siku nne na hazitanitosha. Kitabu nitaendelea nacho polepole. Jumamosi nakuja, tukae.

Lakini hili siwezi kulisubirisha mpaka Jumamosi. Kitanda cha mama kilikuwa dirishani, ghorofa ya kwanza. Mchana ule aliniomba nimwinue atazame nje. Akatazama sana, akasema, "Baba yako yuko pale chini. Hata sweta hakuvaa." Nikachungulia, barabara imejaa watu, sikukuona. Nikamwambia, mama, baba yuko kazini, lala. Akacheka kidogo. Akasema, "Mwache hapo hapo. Sitaki anione hivi."

Nilidhani ni homa inamsemesha, ndiyo maana sikuliandika. Alifariki saa nane, hilo unalijua. Wewe umesema uliondoka saa tisa. Basi ulikuwepo, baba, na mama alijua.

Binti yako