Daftari Nililomuficha Daniella

Mama Furaha wa radio, pokea salamu zangu, na unisamehe maandishi mabaya. Mimi ni muzee wa miaka makumi sita na mbili, fundi wa ndege, nakaa Majengo, hapa Goma, peke yangu tangu bibi yangu Katungu afariki, na watoto wetu wako Butembo na maisha yao, wananikumbukaka ku Noeli. Kampuni yetu iko na jeti mbili za zamani sana, na tangu uwanja wa Goma ufungwe wenzangu wote wako Kinshasa na hizo ndege, mimi nikabakia na makarto, yale masanduku ya madaftari tuliyoandikamo kila safari na kila kutua, yamejaa saloni mpaka sina pa kukalisha mugeni, ingawa mugeni mwenyewe hakuna.

Basi mwezi uliopita akanipigia binti anaitwa Daniella, ndiye kampuni imemupa kazi ya kupanga ndege gani itoke kazini kwanza na gani ingoje mpaka ndege za mupya zifike, na kwa hiyo anataka kujua kila moja imetua mara ngapi, kwa sababu jeti hizi hauangalii miaka tu, kila kutua kunachosha mwili wake, na ikipita hesabu ya kiwanda lazima isimame. Anapigaka kila siku saa ine ya asubui, "Papa Sikuli, umeamukaje? Umekula?" halafu namusomea ukurasa, anacheka, ananiuliza habari za zamani, na Mama, tangu Katungu aende hakuna mutu aliniuliza kama nimekula. Ningeweza kumutumia foto zote kwa siku mbili. Nikamudanganya eti rezo ya simu ni mbaya, namupa kurasa mbili, tatu, ili kesho apige tena.

Sasa iko daftari moja, lilikuwa chini kabisa ya karto ya mwisho, la miaka mbili ambayo Kinshasa hawakuihesabu kamwe. Nimelijumlisha mara ine. Ile ndege Daniella amepanga ibakie, imekwisha kupita hesabu, na iko inaruka kila siku na watu ndani. Leo ni siku ya tisa nimelificha chini ya kitanda. Nikimusomea hilo, kazi yake kwangu imekwisha, tena atajua mimi ni muongo, na ile sauti nitaikosa. Silali, Mama. Nifanye nini?

Sikuli, Majengo

*

Papa Sikuli, ni Mama Furaha, nakujibu hapa ku radio. Pole. Pole ya kweli. Ile ya "umekula" niliisoma mara mbili, ikaniuma.

Sasa uniruhusu nikugombeze. Siku tisa! Wewe fundi, unayejua vizuri kuliko sisi wote kutua kunafanya nini, unalala juu ya daftari kama hilo? Asubui hii watu wanapanda ile ndege, wamama na watoto mugongoni, na hakuna hata mumoja aliyeambiwa. Na Daniella, umemufikiria? Ikitokea shida, jina lililo ku ule mupango ni lake. Ndiye huyo anakuulizaka kama umekula, na wewe unamuchimbia shimo.

Barua yako imeletwa hapa asubui hii, nikaweka za wengine pembeni. Usingoje saa ine. Inama, toa daftari, umupigie wewe. Neno la kwanza liwe hili: "Ile ndege isiruke." Usianze na salamu, usianze na kujitetea. Kisha tuma foto za kurasa zote, leo, na umwambie ya kwamba rezo haikuwa na shida, ni wewe ulikuwa na upweke. Anaweza kukasirika. Anaweza asikupigie tena, sitakudanganya, na nyumba itakuwa kimya kuliko jana. Ndio hivyo. Hayo makarto yote yapeleke Kinshasa na mutu unayemuamini, upate viti saloni. Na watoto wa Butembo, wewe mwenyewe uliwapigia lini mara ya mwisho? Namba zao unazo, hauna haja ya kungoja Noeli.

Naweka wimbo mumoja sasa. Ukimaliza na Daniella, piga hapa radio uniambie. Wimbo ukiisha simu haijalia, nitapigia kampuni yenu mimi mwenyewe, na Goma yote inasikia.

Piga, Papa. Niko nangoja.